Chupa za Kasongo, Pipa la Lutuku

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Francis Dhanis, ofisa Mbelgiji wa Dola Huru ya Kongo, waliingia Kasongo, mashariki mwa Kongo, na daktari wao Mwingereza, Sidney Hinde, akajichagulia chumba. Kilikuwa na urefu wa karibu mita 24 na upana wa mita nne na nusu tu, mlango wake ukitokea kwenye bustani ya michungwa. Mji ulikuwa wa akina Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha rudi Zanzibar, na Sefu mwanawe ndiye aliyeupoteza. Hinde alisimulia baadaye kwamba walikuta humo mishumaa, sukari, viberiti, na bilauri na chupa tele, za fedha na za kioo.

Chupa za nini, katika mji wa Waislamu? Za sharubati, tuseme.

Wabelgiji walikuja na nyumba zao: za chini, za matofali, zenye baraza pana ambapo bwana mkubwa alipunga upepo jioni, kinywaji mkononi. Kinywaji hicho kilikuwa na sheria yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, palipokuwa bado haijazoeleka. Lakini uliacha upenyo: kiasi kidogo kiliruhusiwa kuingizwa kwa matumizi ya wasio wenyeji. Yaani barazani ruksa, uani marufuku.

Mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain-en-Laye ukakaza kamba zaidi. Kutengeneza pombe kali kukakatazwa, na hata kuingiza au kumiliki mitambo ya kuikeneka kukawa kosa.

Waliotunga sheria hiyo walifikiria mitambo ya shaba itokayo melini. Hawakufikiria pipa kuukuu la mafuta. Mapishi ya lutuku, pombe kali ya kienyeji ambayo Kinshasa huitwa lotoko, hayahitaji zaidi ya hilo, kuni, maji na bomba. Mahindi huloweshwa mpaka yaote, huanikwa na kutwangwa, kisha huchanganywa na muhogo na kuachwa siku kadhaa mpaka yachachuke. Mchanganyiko huo hutiwa kwenye pipa na kuchemshwa. Mvuke hupita ndani ya bomba lililolazwa kwenye maji baridi, ukapoa, ukadondoka tone kwa tone chupani. Mara nyingi kileo chake huzidi nusu ya ujazo, tena hakuna anayekipima. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani methanoli ikiwemo humpofusha mnywaji au kumuua. Enzi za ukoloni moshi na harufu ndivyo vilivyomchongea mpishi, basi pipa likakaa mbali na njia, karibu na kijito.

Ukoloni uliondoka mwaka 1960. Lutuku ilibaki, bado haramu kisheria, na sababu zake si ngumu kuziona. Barabara za Kasongo na za Kabambare jirani ni mbovu, bia ya kiwandani hufika kwa tabu na kwa bei ya juu, ilhali muhogo na mahindi viko shambani. Upande wa Kabambare kuna pia dhahabu ya Namoya na wachimbaji wenye kiu. Wapishi wengi ni akina mama, na mafranka ya chupa hizo hulipa karo ya watoto.

Chupa zenyewe mara nyingi ni zile zile za bia, zilizokwisha nywewa kwingine.