Mikono Iliyokatazwa

Matsangoni iko kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, kaskazini mwa Kilifi. Mzazi wa huko mwenye mtoto kiziwi huitegemea Shule ya Viziwi ya Kibarani, Kilifi.

Shule za kwanza za viziwi nchini Kenya, zikiwemo Nyangoma na Mumias, zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zilifundisha kusoma midomo na kutamka. Ishara zilikatazwa darasani. Watoto waliendelea kuzungumza kwa mikono bwenini na uwanjani, na hapo ndipo lugha ilipokua. Katazo hilo lilikuwa ukatili, hata kama liliitwa elimu.

Kwa kuwa shule hazikufundisha ishara, ukalimani ulijifunzwa nyumbani. Dada au mjomba alimsindikiza kiziwi zahanatini na barazani, bila malipo wala cheti.

Mwaka 1991, mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Sarufi ya lugha hiyo ilipochunguzwa, ilidhihirika kwamba mkalimani hafundishwi orodha ya ishara tu: hujifunza nyusi, midomo na nafasi iliyo mbele ya kifua, aghalabu kwa mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi.

Katiba ya 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na ikampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo.

Matsangoni kazi ya mkalimani huongezeka: bibi husema Kigiriama, daktari Kiswahili, na mgonjwa hutumia mikono.