Baharia Mwimbaji: Salim Rashid Suri na Njia Yake ya Kurejea Omani

Vijana wa Maskati wa zama zetu hizi, wakikutana usiku ufukweni Matrah au katika mikahawa ya Al Khuwair, waweza kukusimulia bila ya kusita mwimbaji fulani wa rap wa Marekani alizaliwa mtaa gani, alilelewa katika dhiki ya namna gani, na ni lini kampuni ya kurikodi ilipompa mkataba wake wa kwanza. Nami sioni aibu katika kulijua hilo, kwa sababu sanaa ile iliyochipuka Bronx, mjini New York, mwaka 1973, mikononi mwa watu weusi na wahamiaji wa visiwa vya Karibi, ina udugu na ngoma za kila pwani ambako Waafrika walivushwa bahari. Linalonisikitisha ni kwamba wengi katika vijana hao hawana habari na Salim Rashid Suri, mtoto wa bandari ya nchi yao wenyewe, aliyeipanda ngazi ile ile ya ufukara, ugeni na umaarufu miaka arubaini kabla ya Bronx kutajwa na mtu yeyote katika mambo ya nyimbo, na ambaye alikuwa mashuhuri katika Ghuba nzima kabla nchi yake haijapata idhaa ya redio. Maisha yake yanaonyesha wazi namna sanaa ya pwani zetu ilivyojengwa: ilijengwa na bahari, na biashara, na masikio ya watu wa bandarini, na dola ilikuja kuitambua mwisho kabisa.

Salim alizaliwa Sur, mji wa mabaharia ulio kusini mashariki ya Maskati, yapata mwaka 1910, wakati chombo cha tanga kilipokuwa ndicho riziki ya mji ule na mtoto wa kiume akihesabiwa amekua siku aliyoweka mguu wake sitahani. Msimu wa kaskazi ulipoingia, majahazi ya Sur yalitweka yakiwa yamesheheni tende, chumvi na papa mkavu, yakashuka Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja; na kusi ilipoanza kuvuma yakarejea na boriti za mikoko zilizokatwa Rufiji na katika hori za Lamu, boriti ambazo hata leo waweza kuziona katika dari za nyumba kongwe za Ghuba. Anayetaka kukadiria kwa macho yake ukubwa wa vyombo vile na aende Sur akakitazame kile kiitwacho Fath al-Khair, chombo cha namna ya ganja kilichoundwa pale pale mwaka 1951, kikauzwa Yemeni baadaye, kisha kikanunuliwa tena na kurejeshwa nyumbani mwaka 1993.

Katika mji wa namna hiyo mtu hakuhitaji kutafuta muziki, kwani kazi yenyewe haikwenda bighairi ya kuimba. Wakati wa kupandisha foromali, ambayo ni mti mzito usioinuliwa na nguvu za watu wachache, au wakati wa kuvuta amari ili nanga ing'oke, alikuwapo mtu maalumu aitwaye nahamu, ambaye kazi yake ilikuwa kuimba ubeti ili wenzake waupokee kwa pamoja na kuvuta kwa pamoja. Na nahodha mwenye busara alimthamini nahamu mwenye sauti kama alivyomthamini rubani, kwa kuwa jahazi lisilokuwa na wimbo lilichoka mapema. Walakini chuo cha kwanza cha Salim kilikuwa nchi kavu, katika ngoma ya usiku iitwayo midani, ambayo imeshika sana Sur na katika miji mingine ya pwani ya Omani yenye watu wa asili ya Afrika.

Hapa nitasita kidogo, maana ngoma hii yatuhusu sisi wasemao Kiswahili kuliko wengine wote. Katika midani ngoma hulia, makofi hupigwa, duara hufungwa, kisha mshairi husimama akatoa ubeti mfupi ambao maneno yake yanalingana kwa sauti na kutofautiana kwa maana, hata msikilizaji asiyekuwa mwangalifu akadhani limerudiwa neno moja tu, ilhali ndani yake yamefichwa mambo matatu au manne; na mshairi wa pili, papo kwa papo, bila ya karatasi wala muhula wa kufikiri, yampasa alifumbue fumbo lile na kulijibu kwa fumbo lake, mbele ya watu waliokaa kama makadhi na wasiokuwa na huruma kwa mwenye kukosea vina. Nyimbo za midani huchanganya Kiarabu na Kiswahili, na katika ngoma za Kiafrika za pwani hii umo msondo, unaojulikana vizuri Unguja na Mrima. Yeyote aliyekulia Mombasa au Pemba akasikiliza malumbano ya washairi ataitambua midani tangu ubeti wa kwanza. Na vijana wetu wanaostaajabia mashindano ya rap, ambamo wawili hukabiliana kwa vina mbele ya kundi la watu, wanastaajabia kitu ambacho watu wa Sur walikuwa wakikifanya tangu zamani, kwenye mchanga, chini ya mbalamwezi.

Salim aliianza sanaa yake huko, katika midani, angali kijana, na jamaa zake hawakupendezwa. Tusiwalaumu upesi, kwa sababu katika nyumba nyingi za zama zile mwimbaji alihesabiwa mtu wa upuuzi, na familia ilihofu kuwa jina lake litatajwa katika mabaraza pasipo heshima; ila hofu yao haikumzuia, na bahari ile ile iliyowachukua watu wa Sur mpaka Unguja, Aden, Basra na Malabari ikampokea naye, akawa baharia, na huko akapata uhuru ambao nyumbani asingeupata. Ndiyo maana alipokuja kujulikana watu walimwita baharia mwimbaji, na lakabu hiyo ikadumu naye hata alipokuwa mtu wa mjini mwenye meza na wino.

Sanaa aliyoikuta katika bandari za Ghuba, na ambayo ndiyo iliyompa jina, ni ile iitwayo sawt, ambayo mwasisi wake huhesabiwa kuwa Abdallah al-Faraj, mtu wa Kuweiti aliyefariki mwaka 1901 baada ya kuishi sehemu kubwa ya ujana wake Bombay. Sawt ni muziki wa barazani: mwimbaji mmoja mwenye udi, marwasi mbili au tatu, na jamaa waliokaa pembezoni wakipiga makofi yanayopishana kwa hesabu ngumu, huku watu wawili wakiinuka mara kwa mara kucheza katikati. Marwasi ni kijigoma kidogo cha nyuso mbili kinachoshikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa vidole vya mkono wa pili, na kabla ya kikao mpigaji hukisogeza karibu na moto ili ngozi ikaze, akikijaribu kwa ncha ya kidole na kukirudisha tena, mpaka itoke ile sauti kavu ambayo mwenye udi anaitaka. Bahareni wakati huo alikuwapo Muhammad bin Faris, aliyezaliwa mwaka 1895 na kufa mwaka 1947, ambaye wengi wanamwona kuwa bingwa asiyepata mfano katika fani hiyo; na kijana wa Sur, aliyefika na sikio lililokwisha kunolewa na midani, aliichukua sawt akaitia ladha za bandari alizozipita.

Lakini umaarufu ulimjia Bombay, na jambo hili lataka maelezo. Katika miaka ya 1930 Bombay ulikuwa ndio mji mkuu wa wafanyabiashara wa Ghuba kuliko mji wowote wa Waarabu: huko ndiko walikouza lulu na tende, na ndiko walikonunua mchele, nguo na misaji ya kuundia vyombo, rupia ya Kihindi ndiyo iliyokuwa fedha ya Maskati, ya Bahareni na ya Kuweiti, na Unguja nako rupia iliendelea kutumika mpaka ilipopokewa na shilingi mwaka 1936. Hata Sultani Taimur bin Feisal, baada ya kumwachia mwanawe Said kiti cha Maskati mwaka 1932, alikuja kumalizia umri wake katika mji huo. Salim aliishi hapo akifanya kazi ya udalali na ukalimani kati ya wafanyabiashara wa Kiarabu na wenyeji, kazi iliyomfaa mtu mwenye ulimi mwepesi, na ilimfunza lugha ya Kihindustani kwa kiasi cha kuweza kuimba nyimbo zilizochanganya lugha hiyo na Kiarabu, nyimbo ambazo msikilizaji wa Kuweiti na msikilizaji wa Bombay waliweza kuzifurahia kwa pamoja.

Ndipo alipotia sauti yake katika santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, ile ambayo nembo yake ni mbwa anayesikiliza pembe ya mashine. Wasomaji wa Kiswahili watakumbuka kwamba kampuni hiyo hiyo, katika mji huo huo, ndiyo iliyomrikodi Siti binti Saad wa Unguja na wenzake mwaka 1928, na si sadfa kwamba Siti, mwuza vyungu wa Fumba, na baharia wa Sur walipita katika mlango mmoja, kwa maana kampuni zilikwisha ng'amua kwamba popote ilipofika meli kutoka Bombay ingefika santuri, na popote ilipofika santuri watu wangetaka kusikia lugha yao. Nami nawaweka wawili hawa katika daraja moja. Wote wawili walitoka katika ufukara. Wote wawili sauti zao ziliwatangulia katika nyumba ambazo wao wenyewe hawakupata kuzikanyaga.

Kurikodi hakukuwa jambo jepesi. Sahani ya santuri ya wakati ule, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, haikuchukua zaidi ya dakika tatu na kitu kwa upande mmoja, ilhali kikao cha sawt huanza taratibu kwa utangulizi mrefu wa kutuliza masikio, kisha huingia wimbo wenyewe, kisha hufungwa kwa beti za kuagia, na hakuna anayetazama saa. Mwimbaji alilazimika kuukata utangulizi, kuchagua beti, na kuufikisha wimbo kileleni kabla ya sindano kufika katikati. Wako wasioziridhia santuri kwa sababu hiyo; mimi naona kwamba mwanafunzi wa midani, aliyezoea kutia mambo manne katika ubeti mmoja, alikuwa amejiandaa kwa ufupi huo bila ya kujua.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alihamia Bahareni, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akafungua huko kampuni yake mwenyewe ya santuri, akaiita Salimphone. Twawasifu leo waimbaji wa Marekani walioacha kuwa vibarua wa makampuni wakawa wenye makampuni. Huyu alilifanya hilo akiwa na mtaji wa jina lake tu. Kampuni haikudumu, kwa sababu sahani ndogo za plastiki za mizunguko 45 ziliingia sokoni naye hakuweza kushindana na wenye mitambo mipya, akaifunga na kuhamia Kuweiti.

Maskati wakati wote huo haikuwa na mahali pa mtu kama yeye. Malango ya mji yalifungwa saa tatu baada ya magharibi, na mwenye kutembea baada ya hapo alitakiwa abebe taa. Starehe za hadharani zilitiwa mipaka, na redio ya nchi haikuwapo. Sultani Qaboos alishika utawala tarehe 23 Julai 1970, na wiki moja baadaye idhaa ya Omani ikaanza kusikika. Mwaka 1971 Salim alirejea nchini mwake, naye Sultani akamfanya mshauri wa mambo ya utamaduni. Ni miaka hiyo hiyo ambapo Waomani wa Unguja na Pemba, waliotawanyika baada ya mapinduzi ya 1964, walikuwa wakiwasili Maskati na Kiswahili chao na taarabu yao. Alifariki mwaka 1979, baada ya kuisikia nchi yake ikiimba redioni kwa miaka minane tu.

Mwaka 1983 kilianzishwa hapa Kituo cha Omani cha Muziki wa Asili, kilichozunguka katika wilaya za nchi kikikusanya nyimbo, picha na filamu, midani na sawt zikiwamo. Kazi hiyo haiwezi kutimia bila ya watu wa majumbani. Wewe msomaji, uwe Sur, Matrah, Unguja, Mombasa au Kuweiti, ikiwa mna sanduku la bibi au la babu lenye sahani nzito nyeusi zilizovunjika pembeni, usizitupe wala usizigawe kwa watoto: zisimamishe wima ili zisipinde, mbali na jua, uzifute vumbi kwa kitambaa laini, wala usizisafishe kwa spiriti, kwa kuwa zimetengenezwa kwa lakiri nayo huyeyuka, kisha uzipeleke kwa wenye vyombo vya kunakili, uwatajie nani alizinunua na katika bandari gani.