Feni ya Peugeot 504: kipande kidogo, historia ndefu

Najua wengi wenu huja hapa kwa mambo ya programu na tarakilishi, lakini leo nawaomba tufungue boneti ya gari. Msinikimbie. Mtaona kwamba ni mambo yale yale.

Baba yangu ana Peugeot 504, ile iliyounganishwa Mombasa, yenye nambari za zamani kabla ya KAA. Daktari amemshauri aanze kupunguza kuendesha safari ndefu, naye akaomba moja tu: kutoka Nakuru hadi Eldoret, kwenye harusi ya binti wa ndugu yake, yeye akiwa kwenye usukani. Tukakubali. Tulipopita Mau Summit tukiwa nyuma ya malori yanayotambaa, mshale wa joto ukaanza kupanda. Baba akaegesha kando, nikafungua boneti.

Mimi nilidhani ni mkanda umekatika. Wapi! Mkanda ulikuwa mzima, pampu ya maji inazunguka kama kawaida, lakini mapanga ya feni yalikuwa yanajizungukia polepole kama feni ya dari umeme unapopungua. Mkanda unakwenda, feni haiendi. Nikabaki nimekodoa macho.

Baba hata hakushuka. Aliuliza kupitia dirishani, "Feni imelala?" Nikamwambia ndiyo. "Basi lete ile spana ndogo, tuifunge."

Ili muelewe alichofanya, turudi nyuma kidogo.

Feni iliyojua kupumzika

Magari mengi ya miaka ya 1950 yalikuwa na feni iliyofungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya pampu ya maji. Injini ikizunguka, feni inazunguka. Ni rahisi, lakini kuna hasara. Feni inahitajika zaidi gari likiwa polepole: kwenye foleni, au kwenye mlima na mzigo. Ukifika kilomita 80 kwa saa, upepo wenyewe unaingia kwenye rejeta na kufanya kazi hiyo bure. Na hapo ndipo feni inapokula nguvu nyingi kabisa, kwa sababu ukiongeza kasi ya feni mara mbili, nguvu inayohitaji huongezeka mara nane. Unachoma petroli kusukuma upepo ambao tayari unao.

Peugeot ilipoleta 404 mwaka 1960, na baadaye 504 mwaka 1968, ilitumia dawa ya ujanja: feni yenye klachi ya sumaku-umeme. Ndani ya puli ya pampu kuna koili ya waya. Umeme unaifikia kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachogusa pete inayozunguka, kama kaboni za stata. Kwenye rejeta kuna swichi ya joto. Maji yakiwa baridi swichi iko wazi, koili haina umeme, feni imepumzika. Maji yakipita digrii 80 hivi, swichi inafunga, koili inakuwa sumaku, inavuta kitovu cha feni na kuking'ang'aniza kwenye puli. Feni inaanza kuvuma. Maji yakipoa, inaachia.

Wasomaji waandishi wa programu, mmeshaitambua: "kama joto limezidi, washa, vinginevyo zima". Sharti moja, bila tarakilishi yoyote, miaka mingi kabla ya magari kuwekwa tarakilishi.

Na barabara zetu zilihitaji kitu kama hicho. Kumbukeni kwamba maji hayachemki kwa digrii 100 kila mahali. Nairobi huchemka kwa takriban digrii 95, na ukipanda hadi Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ni kama digrii 91 tu. Mfuniko wa rejeta huzuia mvuke na kupandisha kiwango hicho, lakini mfuniko ukichoka, kwenye milima yetu huna nafasi ya kukosea.

Jinsi Peugeot ilivyokuwa gari letu

Jina hilo lilijengwa kwa vumbi na matope ya Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na mwaka 1968 tena yakawa saba tu. Miaka yote hiyo miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya 404. Kisha 504 ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na ile ya V6 ikashinda 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas.

Watu waliona. Peugeot ya familia, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ikawa teksi ya kutoka mji hadi mji. Aliyekuwa na haraka alikwenda kwa "Pijo". Pikapu yake ikabeba maziwa, kabichi na majeneza. Miaka ya 1970 serikali ilitaka magari yaunganishwe nchini, na kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kikajengwa Mombasa. Huko ndiko 504 zetu zilikounganishwa, kutoka kwenye makasha ya vipande vilivyotoka Ufaransa. Vitu kama betri na matairi vilitengenezwa hapa. Vile maalum vilikuja kwenye makasha.

Ufaransa iliacha kutengeneza 504 ya saluni mwaka 1983, lakini huku iliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baadaye. Kilichoiondoa barabarani ni sera na bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya fedha za kigeni na uagizaji, na magari ya mtumba kutoka Japani yakaingia kwa wingi. Mengi yalikuwa na injini iliyolala upande, na feni inayozungushwa na mota yake ya umeme, kwa sababu mkanda wa injini iliyolala upande hauelekei rejeta. Spea zake zikajaa kila mtaa. Rafu za Peugeot zikaanza kuwa tupu, na feni yetu ya ujanja ikawa kitu ambacho kijana wa dukani hajawahi kukiona.

Kutafuta kipande

Sasa turudi kando ya barabara. Baba alishuka, akanionyesha skrubu tatu kwenye kitovu cha feni. Kazi yake ya kila siku ni kurekebisha mwanya kati ya kitovu na puli, mwanya mwembamba usiozidi unene wa kucha. Lakini ukizikaza, zinafunga feni kwenye puli moja kwa moja. Klachi inakuwa haipo tena, feni inazunguka wakati wote kama za miaka ya 1950. Tulikaza, tukangoja injini ipoe kabisa, tukaongeza maji, tukafika harusini. Gari lilinguruma kama ndege njia nzima.

Madereva wengi wa zamani waliishia hapo. 504 nyingi mnazoziona leo zina feni iliyofungwa hivyo miaka mingi iliyopita, na wenye magari hata hawajui kwamba chini yake kuna klachi. Mimi nilitaka kuirudisha ilivyokuwa. Nikashuka Nairobi, nikazunguka Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, siku mbili nzima. Majibu yalikuwa mawili: "Hiyo tuliacha kuuza zamani," na "Weka feni ya umeme ya Toyota, usahau."

Ushauri huo wa pili si mbaya, ila una masharti. Feni ya umeme inavuta ampea nyingi, kwa hiyo inahitaji waya mnene, fyuzi na rilei yake. Ukiiunganisha kwenye swichi ya zamani bila rilei utaichoma. Na altaneta ya zamani lazima iweze kubeba mzigo huo usiku, taa zikiwa zimewashwa.

Nilirudi Nakuru mikono mitupu. Baba akanituma kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akimtengenezea gari tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akasema, "Leta hicho chuma, kijana wangu."

Alitandaza gazeti, akafungua kila kitu, akaanza kugawa vipande kwenye mafungu mawili. Nilipomuuliza ni mafungu gani, alinijibu, "Haya ni ya dunia. Haya ni ya Peugeot."

Nilikaa kimya. Nimesoma vitabu vinene kuhusu namna ya kupanga mifumo ya programu, na sijawahi kuelezwa kwa ufupi hivyo.

Fungu la dunia lilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Beringi, kwa mfano, ina nambari iliyochongwa ubavuni, na nambari hiyo ni lugha ya dunia nzima. Beringi ya 6203 ina tundu la milimita 17, upana wa nje milimita 40 na unene milimita 12, iwe imetengenezwa Uswidi, Japani au China, iwe inaingia kwenye altaneta au mashine ya kufulia. Huendi dukani kuomba beringi ya Peugeot, unaenda kuomba nambari. Mkanda pia ni upana na urefu. Swichi ya joto ni nyuzi za skrubu na digrii za kuwaka. Waya wa koili ni unene na idadi ya mizunguko, na mafundi wa kusuka mota wapo kila mji. Kaboni ni kaboni: aliichukua moja kubwa kidogo, akaisugua kwa msasa hadi ikaingia.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa hapo. Kaboni ilikuwa imekwisha, haigusi pete tena. Kipande cha bei ya soda ndicho kilichokuwa kimelaza feni nzima.

Fungu la Peugeot lilibaki na vitu viwili: kitovu na mapanga. Kitovu kilikuwa kizima. Panga moja lilikuwa na ufa, na fundi alikataa katakata kuligundisha. Feni iliyopoteza panga, au yenye panga zito kuliko mengine, hutetemeka, na mtetemeko huo huua beringi ya pampu, halafu feni huingia kwenye rejeta. Hiki ndicho kilikuwa kitu pekee cha kutafuta hasa, na tulikipata kwenye pikapu ya 504 iliyokuwa imekufa nyuma ya gereji nyingine, kuku wamelala ndani yake.

Angalieni basi. Mimi nilizunguka Nairobi nikitafuta "feni ya Peugeot 504", kitu kizima, na nikakikosa. Mzee alikigawa, na kilichobaki cha kutafuta kikawa kimoja.

Kama gari lenu nalo ni la aina hii, jaribuni pia nje ya nchi. Kuna L'Aventure Peugeot, chama kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1982, chenye makumbusho Sochaux, ambacho huuza spea za magari ya kale. Na tafuteni mahali gari lilipoishi muda mrefu, si mahali lilipozaliwa tu: Argentina, na Nigeria ambako 504 ziliunganishwa Kaduna. Lakini kabla ya kuagiza chochote, fungueni, safisheni, someni nambari.

Nilichoandika kwenye daftari

Jambo lililonisumbua usiku ule halikuwa feni. Ni kwamba ule mgawanyo wa mafungu mawili uko kichwani mwa mzee mmoja, naye macho yanaanza kumsumbua. Hakuna kitabu kwenye gereji yake. Vijana wake wawili wanajua Toyota vizuri sana, ila 504 wanaiogopa.

Kwa hiyo nilirudi kesho yake na daftari na kamera. Tulipima kila kitu: nambari za beringi, urefu wa mkanda, nyuzi za swichi, vipimo vya kaboni kabla na baada ya msasa. Nimehifadhi yote kama maandishi ya kawaida na picha za kawaida, yaani miundo ambayo programu yoyote inaweza kuifungua. Ningeyaweka kwenye programu moja maalum, siku programu hiyo ikifa na yenyewe yangekuwa kwenye fungu la Peugeot. Nakala moja nimechapisha na kuilaminisha, inaning'inia gereji kwake. Vijana wake wameanza kuisoma, na mmoja tayari amenisahihisha kipimo kimoja.

Baba alipewa safari nyingine, fupi, hadi Timboroa na kurudi. Tulipokaribia juu kabisa alizima redio na kuinua kidole, tunyamaze. Kisha tukasikia, "tak", na feni ikaanza kuvuma. Baada ya kama dakika tatu ikanyamaza yenyewe.

"Umesikia?" akaniuliza. Nikamwambia nimesikia. Akawasha redio, tukageuza gari.

Ukiwa na 504 au 404 na unataka vipimo hivyo, niandikie nitakutumia. Na kama kwenu kuna mzee anayejua mafungu mawili ya kitu chochote, iwe cherehani, redio au pampu ya kisima, mpelekee daftari wiki hii. Tuonane tena hapa hapa.