Msimamizi na Mzamivu: Maneno ya Ukingoni mwa Tasnifu

Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi Oktoba 1961, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na mwanafunzi alifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Lugha ya mtihani ikabaki ile ile. Ilikuwa mwaka 1970, kilipokuwa chuo kikuu kamili, ndipo ilipoundwa Idara ya Kiswahili, na mwalimu wa fasihi akaanza kuifundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili.

Jambo hilo lilidai maneno. Neno fasihi lenyewe lilikuwa sifa ya msemaji mwenye ulimi safi kabla halijawa jina la sanaa itumiayo lugha. Fani na maudhui, yenye asili ya Kiarabu, yakapewa kazi mpya katika uhakiki. Mihadhara na vitabu viliyaeneza hata yakafika katika shule za sekondari.

Lakini usimamizi wa utafiti haukupata bahati hiyo. Mhadhara husikiwa na watu mia. Usimamizi hufanywa na watu wawili chumbani, na lugha yake hubaki ukingoni mwa karatasi. Hata neno msimamizi tulilichukua shambani, kwenye ujenzi na katika mirathi, ambako msimamizi huangalia kazi au mali isipotee. Uzamivu, kwa upande mwingine, umetokana na kuzama. Basi istilahi zetu zamwonyesha mmoja akizama na mwenzake akisimama juu nchi kavu! Kiungwana, mzamiaji hushikiwa kamba.

Sisi wenyewe tuliwahi kuandika tasnifu ya fasihi kwa Kiswahili katika chuo kimoja ambacho hatutakitaja. Sura ya pili ilirudi imejaa maelezo ya Kiingereza. Neno moja lilikaririwa mara nyingi, nasi tulilifasiri kuwa dhamira. Kwa hiyo tukaandika upya sura nzima tukitafuta nia ya mwandishi, kwa kuwa katika lugha ya kila siku dhamira ni nia iliyomo moyoni. Kumbe mwalimu alitaka maudhui kwa jumla, yaani dhamira pamoja na migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Miezi miwili ilikwenda bure. Mwalimu hakuwa mvivu, wala sisi hatukuwa wajinga: kila mmoja alifuata fasiri aliyoizoea, na hapakuwa na orodha ya kuamua baina yetu.

Kosa hilo si la mwalimu yule peke yake. Sisi watu wa istilahi tumeshughulika mno na majina ya vitu, vyeo na idara, tukayaacha maneno ambayo kwayo mtu humwambia mwenzake kwamba hoja yake haijakomaa, kwamba ushahidi haumpi haki ya kudai anachodai, au kwamba ameeleza hadithi badala ya kuihakiki. Mtahini wa nje huyahitaji maneno hayo sawa na msimamizi.

Twawaomba wasomaji wanaosimamia tasnifu za fasihi, historia na falsafa watuletee maneno wanayoyaandika ukingoni, pamoja na sentensi iliyowafanya wayaandike. Tutaanza na dhamira.