Kochi, mji uliowafungulia Wareno mlango

Anayeijua historia ya Malindi ataielewa Kochi haraka. Mwaka 1498, wakati Mombasa ilipomtilia shaka Vasco da Gama, Malindi ilimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, katika jimbo la Kerala la leo. Miaka miwili baadaye Calicut nayo ikakosana na Wareno, na nahodha wao Pedro Álvares Cabral akateremkia Kochi, bandari jirani. Mfalme wa Kochi alikuwa amechoka kuwa chini ya Zamorin, mtawala wa Calicut. Akaona mgeni mwenye mizinga anafaa kuwa rafiki. Hesabu ilikuwa ileile ya Malindi: mji mdogo unatafuta wa kumpiga jirani yake.

Urafiki huo uligharimu. Zamorin aliishambulia Kochi mwaka 1503 na kumfukuza mfalme. Wareno walipomrudisha mfalme kitini, wakaomba ardhi ya kujenga ngome. Mwaka 1505 ikaja merikebu ya kamanda wa Kireno Francisco de Almeida na nyingine nyingi nyuma yake. Njiani zilikuwa zimeiteka Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti. Kochi zilipokelewa kwa pilipili manga, na Almeida akaifanya makao yake. Ni vigumu kwa mtu wa pwani yetu kutembea Fort Kochi, mtaa wa ngome hiyo, bila kulikumbuka hilo.

Ufukweni kuna nyavu za Kichina. Kila wavu, mpana kama paa la nyumba, unaning'inia kwenye magogo marefu, na nyuma yake mawe makubwa yamefungwa kwenye kamba ili kulinganisha uzito. Wanaume kadhaa huvuta kamba, mawe yakashuka, wavu ukapanda ukitiririka maji. Mara nyingi samaki ni wa kujaza kikapu tu. Wapo wasemao nyavu hizo zililetwa na mabaharia wa Kichina, wengine husema ni Wareno waliozitoa Macau.

Hatua chache kutoka hapo ni Kanisa la Mtakatifu Francis. Da Gama alifia Kochi mkesha wa Krismasi 1524 akazikwa humo. Mwaka 1539 mifupa yake ilipelekwa Ureno, limebaki jiwe la kaburi lililozungushiwa uzio.

Mtaa wa Mattancherry ndiko nilikovutiwa zaidi. Wayahudi waliokimbia mateso ya Wareno walipewa na mfalme wa Kochi kiwanja kando ya kasri lake, na mwaka 1568 wakajenga sinagogi lao hapo. Yaani mfalme aliwalinda Wayahudi dhidi ya Wareno, rafiki zake mwenyewe! Wareno waliliharibu sinagogi hilo mwaka 1662. Waholanzi walipouteka mji mwaka uliofuata, likakarabatiwa. Sakafu yake ni vigae vya Kichina vya buluu na nyeupe, vilivyochorwa kwa mkono. Baada ya 1948 Wayahudi wengi walihamia Israeli. Ukienda kulitazama, usichague Ijumaa wala Jumamosi, maana utakuta limefungwa.