Mlango wa Nyuma: Historia Fupi ya Mkenya na Hoteli

Mwambie Mkenya "twende hoteli" na jambo la kwanza atakalotaka kujua ni kama unamnunulia chapo ama ni chai tupu. Kwetu hoteli ni mahali pa kula. Ni benchi, meza ya plastiki, madondo, na mama anayejua kwamba wewe hupendi supu nyingi. Ile nyingine, yenye ufunguo, shuka nyeupe na bwawa la kuogelea, lazima tuiongezee maelezo: hoteli ya kulala, hoteli ya kitalii, hoteli kubwa. Halafu kuna lojing'i, neno ambalo ukilitamka mbele ya mama mkwe, utajieleza mpaka kesho.

Hata India, hoteli mara nyingi ni mahali pa kula, kwa hivyo huenda tulilirithi neno hivyo kutoka kwa wenye maduka wa Kihindi. Lakini kuna historia nyingine inayofaa kukumbukwa hapa. Kwa zaidi ya miaka 50, hoteli ya kulala katika nchi hii haikuwa mahali ambapo Mwafrika angeingia kwa mlango wa mbele.

Norfolk ilifunguliwa Nairobi siku ya Krismasi mwaka 1904. Reli ilikuwa imefika Ziwa Victoria miaka mitatu tu kabla ya hapo, na Nairobi yenyewe ilikuwa mabati na matope. Wageni walikuwa masetla, maafisa na wawindaji. Stanley, iliyoanzishwa na mwanamke aitwaye Mayence Bent, nayo ilikuwa inapokea watu wa aina hiyo hiyo. Mwafrika alikuwepo, tena kila mahali: jikoni, kwenye zizi la farasi, akibeba mizigo, akifua shuka. Asichokuwa ni mgeni.

Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kilichokuwa karibu na Norfolk, ukidai Harry Thuku aachiliwe. Mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume kwa woga wao, na watu wakasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Masimulizi mengi ya siku hiyo yanasema masetla waliokuwa wakinywa kwenye veranda ya Norfolk nao walichukua bunduki zao wakajiunga. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Wengine walihesabu zaidi. Ukipita hapo leo ukienda Chuo Kikuu cha Nairobi, ujue hiyo veranda ilikuwa sehemu ya habari.

Hata hoteli ya Kenya iliyojulikana zaidi duniani ina hadithi ya namna hii. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, binti mfalme Elizabeth alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama. Usiku huo babake alifariki Uingereza, naye akapata habari hiyo akiwa Sagana, kwenye nyumba ambayo koloni la Kenya lilimpa kama zawadi ya harusi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops ikabaki majivu. Kwa waliokuwa msituni wakidai mashamba, hoteli ya kutazamia ndovu haikuwa jambo la kuonewa huruma.

Mwaka huo huo wa 1954, mwezi wa Aprili, serikali iliufunga mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa kizuizini, wengine wakarudishwa mashambani. Kazi zao zikabaki wazi, na waajiri wakatafuta watu kutoka sehemu nyingine. Hivyo ndivyo babu yangu, kijana wa miaka 19 kutoka Vihiga, alivyopata kazi ya kuhudumu mezani katika hoteli moja ya Nairobi mwaka 1956. Hakuficha kwamba alijua nafasi hiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Alivaa sare ya wahudumu wa wakati huo: kanzu nyeupe, kofia nyekundu ya tarbushi, mshipi kiunoni. Fikiria kidogo. Kanzu ni vazi la heshima, la Ijumaa na la harusi pwani yote hii. Mkoloni alilichukua akalifanya sare ya mtumishi. Na mwanaume mwenye mke na watoto, mwenye kipande mfukoni, akiwa ndani ya kanzu hiyo aliitwa boi. Babu aliingia kwa mlango wa nyuma kila siku. Alijua bei ya kila chumba na hakuwahi kukalia kiti hata kimoja. Ubaguzi wa rangi katika hoteli kubwa ulianza kulegezwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini kulegezwa kwa sheria hakukumwekea pesa mfukoni.

Kwa hivyo sherehe za Waafrika mjini zilifanyika kwingine. Zilifanyika kwenye kumbi za mitaa kama Pumwani na Kaloleni, ama uani nyumbani, viti vikiazimwa kwa majirani. Ukiona familia nyingi mpaka leo zinafanya ruracio, bathdei na mahafali kwa tenti na sufuria kubwa, usidhani ni ushamba. Ni mila iliyokomaa wakati milango mingine ilikuwa imefungwa.

Uhuru ulipokuja, serikali ilitaka fedha za kigeni, na utalii ulikuwa njia ya haraka. Shirika la Maendeleo ya Utalii liliundwa mwaka 1965. Hilton ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1969. Chuo cha Utalii kilifunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na vijana wetu wakafundishwa kutandika, kupika na kumimina kwa kiwango cha kimataifa. Pwani, ndege za kukodi zilileta Wajerumani na Waitaliano, mpaka wauza vinyago wa Malindi wakaongea Kiitaliano safi kuliko Kiingereza. Mfumo mzima ulijengwa kwa ajili ya mtu aliyelipia likizo yake akiwa bado Ulaya. Mkenya aliwekwa wapi? Kwenye bei ya mkazi, punguzo la kujazia vyumba, hasa mvua za Aprili na Mei zikinyesha na mzungu akiwa hayupo.

Halafu mzungu akaanza kukosekana hata jua likiwaka. Ghasia za Likoni mwaka 1997, bomu la Nairobi mwaka 1998, shambulio la Kikambala mwaka 2002, umwagaji damu baada ya uchaguzi wa 2007, Westgate mwaka 2013. Mei 2014 kampuni za utalii za Uingereza ziliwaondoa wageni wao Mombasa kwa ndege. Ghafla tukaanza kusikia "Tembea Kenya" kila mahali. Juni 2017 treni ya Madaraka Express ikaanza safari, Nairobi hadi Mombasa kwa shilingi 700. Watu ambao hawakuwahi kuiona bahari wakaanza kuiweka kwenye bajeti.

Hapo ndipo familia yetu inapoingia. Babu alifikisha miaka 80 mwaka huo wa 2017. Wajukuu tulifungua grupu ya WhatsApp, tukachanga kwa M-Pesa kuanzia Juni, na katikati ya chaguzi mbili tukalipia vyumba saba vya kutazama bahari katika hoteli moja ya pwani. Aliyekuwa boi alale kama mgeni. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi.

Tulifika Desemba, watu 19, wengine na usingizi wa treni. Mapokezi wakatuambia vyumba vya mbele vimeshikwa. Tukapelekwa jengo la nyuma, kando ya jenereta na chumba cha kufulia. Risiti yetu ilisema bahari. Dirisha lilionyesha kamba za shuka. Jioni watoto walizunguka wakarudi na ripoti kwamba vyumba viwili vya mbele vilikuwa vitupu, mapazia wazi. Chakula cha jioni, maji ya kunywa yalikuwa ya kulipia. Keki tuliyoibeba kutoka Nairobi ilitozwa shilingi 2,000, eti ada ya kukata. Asubuhi, askari wa mlango wa ufuo alimsimamisha binamu yangu aonyeshe bangili ya plastiki, huku wageni wengine, wasio na rangi yetu, wakipita wakiambiwa "jambo, jambo." Askari mwenyewe alikuwa mweusi kama sisi.

Shangazi alienda mapokezi na risiti mkononi. Alikuwa mpole kwanza, baadaye hakuwa. Meneja alileta sahani ya matunda. Pesa hazikurudi, na barua mbili alizoandika hazikujibiwa.

Lakini kilichotuuma zaidi ni Babu. Hakulalamika hata kidogo. Alikagua chumba, akabonyeza godoro, akasema, "Hiki ni kizuri. Kina dirisha." Jikoni ilikuwa karibu na akasema anapenda kusikia sufuria. Mezani, kijana aliyetuhudumia alimimina maji akipitisha mkono mbele ya mgeni. Babu akamwambia kwa upole, "Mwanangu, zunguka uje upande wa kulia." Kijana akacheka. "Mzee, kwani ulisomea Utalii?" Babu akamjibu kwamba yeye alifundishwa kabla Utalii haijajengwa. Wakaongea mpaka meza zikatolewa. Kijana alikuwa kibarua wa msimu, na tangu Agosti alikuwa ameitwa kazini siku chache tu. Babu alitaka kujua kama wanakula chakula kile kile cha wageni. Hawali.

Rahisi kusema hoteli ile ilikuwa mbovu tu, na ilikuwa mbovu. Lakini jenereta kuharibu usingizi ni jambo moja. Kumtazama mtu akiingia na kuamua kwamba atatosheka na nyuma ni jambo lingine. Uamuzi huo una umri. Ulikuwepo Norfolk mwaka 1904, ukavaa sare mpya mwaka 1965, na siku hizi hausemwi kwa sauti. Hujificha kwenye ugawaji wa vyumba. Machi 2015 mkahawa mmoja mtaani Kilimani uligonga vichwa vya habari kwa kutowaruhusu Waafrika baada ya saa kumi na moja jioni. Ule ulikuwa mjinga kiasi cha kusema wazi. Walio wengi hawasemi.

Tofauti ni kwamba sasa tuna karatasi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na cha 46 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ilipitishwa mwaka 2012. Barua za shangazi zilivinukuu vyote, na bado hazikujibiwa, jambo linaloonyesha umbali kati ya karatasi na meza ya mapokezi. Umbali huo haufupishwi na mtu mmoja mwenye hasira.

Kuna kitu kingine ambacho wenye hoteli wanapaswa kukihesabu. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, na hazikurudi hadi Agosti. InterContinental ya Nairobi ilifungwa mwaka huo. Hilton nayo ikafunga mwisho wa 2022. Katika miezi ile, hoteli za pwani zilizofungua milango zilijaribu kuishi kwa Wakenya: wale wa treni, wa grupu za WhatsApp, wa kubeba keki yao wenyewe. Mgeni wa akiba akawa ndiye mgeni.

Sasa ndege zinatua tena, na swali limerudi pale pale mapokezi. Ukilipia bahari, uliza namba ya chumba kabla ya kutuma pesa, na iandikwe kwenye risiti. Ukipelekwa nyuma, usipokee ufunguo. Simameni hapo hapo na mabegi yenu, wazee wakae kwenye viti vizuri vya mbele, na msubiri.