Viwanja vya Soka vya Glasgow: Kutoka Hamilton Crescent Hadi Ngazi ya 13

Tarehe 30 Novemba 1872, Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, watu wapatao 4,000 walilipa kiingilio kwenye uwanja wa kriketi wa Hamilton Crescent, huko Partick, magharibi ya Glasgow. Walikuja kuona Scotland ikicheza na England. Mechi ilimalizika suluhu, 0-0, na ndiyo inayohesabiwa kuwa mechi rasmi ya kwanza ya kimataifa ya soka duniani. Uwanja huo upo hadi leo na kriketi bado inachezwa pale. Mpita njia asiyeambiwa hawezi kujua kwamba mchezo unaokusanya mabilioni ya watu mbele ya televisheni ulianza safari yake ya mataifa kwenye majani yale.

Wachezaji wote 11 wa Scotland siku ile walikuwa wa klabu moja, Queen's Park. Klabu hiyo iliundwa Julai 1867 kusini mwa jiji, nayo ndiyo kongwe kuliko zote Scotland. Waingereza wa wakati huo walicheza soka ya chenga: mtu anauchukua mpira, anainamisha kichwa na kusonga nao mpaka anyang'anywe. Vijana wa Queen's Park walikuwa na miili midogo, wakaona kwamba kugongana kifua hakutawafikisha mbali. Wakaanza kupasiana. Jambo hilo leo linaonekana la kawaida kama kupumua, lakini lilikuwa mapinduzi, na klabu za England zilipotambua faida yake zilituma watu Glasgow kutafuta wachezaji wa Kiskoti, waliopewa sifa ya umaprofesa. Mtu anayefurahia mpira wa pasi popote duniani, deni lake liko kwa vijana hao wa kusini mwa Glasgow.

Ndiyo maana nasema historia ya viwanja vya jiji hili haianzi kwa klabu za Celtic na Rangers. Inaanzia kwenye vilima vya Mount Florida na Crosshill, ambako Queen's Park ilijenga viwanja vitatu kwa zamu, na vyote vitatu ikaviita Hampden Park. Mtu anaweza kuvitembelea vyote kwa miguu asubuhi moja.

Hampden ya kwanza ilifunguliwa 1873 na ikatumika kwa miaka kumi tu, kabla ya reli mpya kupitishwa kwenye eneo lake. Baadaye mahali hapo palikuwa na klabu ya mchezo wa kuviringisha tufe kwenye majani, na picha kubwa ya ukutani ilichorwa pale kukumbuka Machi 1882, Scotland ilipoifunga England 5-1. Nampa msomaji sababu ya kusimama hapo kwa muda: katika kikosi hicho alikuwemo beki mweusi, Andrew Watson.

Watson alizaliwa Demerara, katika koloni la Uingereza la Guyana, mwaka 1856. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa Mskoti tajiri wa biashara ya sukari. Mama yake, Hannah Rose, alikuwa mwanamke wa huko huko Guyana. Mtoto alipelekwa Uingereza kusoma, kisha mwaka 1875 akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow. Masomo aliyaacha mapema, soka hakuiacha. Machi 1881 aliingia uwanja wa The Oval jijini London akiwa nahodha wa Scotland, na timu yake ikaifunga England 6-1. Hakuna mtu mweusi aliyemtangulia kuvaa jezi ya timu ya taifa, na yeye aliivaa akiwa na unahodha. Alicheza mechi tatu za taifa, Scotland ikashinda zote. Queen's Park ilimpa pia kazi ya ukatibu wa klabu, cheo kizito wakati ambapo hapakuwa na makocha na katibu ndiye aliyeendesha mambo mengi. Alipohamia London mwaka 1882 safari yake ya timu ya taifa iliishia hapo, kwa kuwa Waskoti walichagua wachezaji waliokuwa wakiishi Scotland tu. Alifariki 1921 na jina lake likafunikwa kwa miongo mingi.

Siwezi kumwandika Watson bila kutaja fedha iliyomsomesha. Glasgow ilinenepa kwa tumbaku na sukari, na nyuma ya mazao hayo kulikuwa na jasho la Waafrika waliouzwa. Mtaa wa Jamaica upo katikati ya jiji. Mitaa ya Buchanan, Glassford na Ingram inabeba majina ya wafanyabiashara wa tumbaku. Kijana aliyebeba damu ya pande zote mbili za biashara hiyo ndiye aliyeongoza taifa uwanjani, na kwa maoni yangu anastahili sanamu mbele ya uwanja wa taifa.

Hampden ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, na leo inajulikana kama Cathkin Park. Queen's Park ilipoondoka 1903, klabu ya Third Lanark iliuchukua uwanja huo. Third Lanark iliundwa 1872 na askari wa kujitolea. Mwaka 1904 ikawa bingwa wa ligi ya Scotland, na Kombe la Scotland ikalitwaa mara mbili, 1889 na 1905. Katika msimu wa 1960/61 ilimaliza ya tatu na kufunga mabao 100 ya ligi. Miaka sita baadaye ilikuwa imekufa. Aprili 1967 ilifungwa 5-1 na Dumbarton, kisha haikuonekana tena. Uchunguzi wa serikali ulianika uongozi mbovu uliokuwa umeitafuna klabu kutoka ndani.

Cathkin sasa ni bustani ya umma. Ngazi za saruji ambako mashabiki walisimama bado zipo pande tatu za uwanja, na vyuma vya kuegemea vimebaki mahali pake, ila miti imeota katikati ya ngazi na kukua mirefu. Chini, watoto na timu za mtaani wanacheza. Hakuna tiketi, hakuna mlinzi, hakuna duka. Wasafiri wengi hupita tu mbele yake wakielekea Hampden ya tatu, na hilo linanisikitisha, kwa sababu hapa ndipo mtu anapoona kwa macho kwamba hata klabu bingwa inaweza kuzikwa na viongozi wake.

Hampden ya tatu ilifunguliwa tarehe 31 Oktoba 1903, Queen's Park ikiifunga Celtic 1-0. Mpaka Maracanã ya Rio de Janeiro ilipokamilika 1950, hapakuwa na uwanja mkubwa zaidi duniani. Aprili 1937 watu 149,415 waliingia kuona Scotland ikiifunga England 3-1, na wiki moja baadaye fainali ya Kombe la Scotland kati ya Celtic na Aberdeen ilivuta zaidi ya watu 146,000. Wengi walikuwa mafundi wa meli wa mto Clyde, wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Mwaka 1960 watu zaidi ya 127,000 waliona Real Madrid ikiifunga Eintracht Frankfurt 7-3 katika fainali ya Kombe la Ulaya. Ferenc Puskás alifunga manne, Alfredo Di Stéfano matatu. Hampden ya leo inachukua watu wapatao 51,000, wote wameketi. Ndani yake kuna makumbusho ya soka ya Scotland. Cha kushangaza, uwanja huu mkubwa ulikuwa mali ya Queen's Park, klabu ya ridhaa kwa muda mrefu, hadi ilipouuza 2020 kwa chama cha soka cha Scotland. Klabu ilikuwa imepiga kura ya kuachana na soka ya ridhaa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, baada ya zaidi ya miaka 150 ya kucheza bila mshahara.

Mtu aliyechora Hampden hiyo aliitwa Archibald Leitch, mhandisi aliyezaliwa Glasgow 1865. Baadaye mkono wake ulionekana Anfield, Goodison Park, Craven Cottage na viwanja vingine vingi vya Uingereza. Lakini jina lake lilianza kwa msiba. Uwanja wa Ibrox wa Rangers, kusini ya mto Clyde, ulikuwa kazi yake. Tarehe 5 Aprili 1902, Scotland na England zikiwa uwanjani na mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, mbao za jukwaa la magharibi zilivunjika. Watu walitumbukia kwenye pengo hadi chini. Walikufa 25, na zaidi ya 500 wakajeruhiwa. Aliyeshtakiwa ni mkandarasi wa mbao, na mahakama ikamwachia huru. Leitch mwenyewe hakuacha kazi. Tangu hapo viwanja vikubwa viliacha majukwaa marefu ya mbao, ngazi zikajengwa juu ya vilima vya udongo, na vyuma vya kuzuia msongamano vikaenea. Mwaka 1929 alirudi Ibrox na jukwaa kuu la matofali mekundu, ambalo bado linatazama barabara ya Edmiston na sheria inalilinda kama jengo la urithi. Kwa uzuri wa jengo, sijui jukwaa la soka Uingereza linalolizidi.

Msiba ulirudi hapo hapo. Tarehe 2 Januari 1971 Rangers na Celtic, watani wa jadi, walitoka sare 1-1, mabao yote mawili yakifungwa dakika za mwisho. Mashabiki wa Rangers walipokuwa wakitoka kupitia Ngazi ya 13, mtu au watu walianguka, na uzito wa umati ukawalalia waliokuwa mbele. Walikufa 66. Watano kati yao walikuwa vijana marafiki kutoka mji mmoja mdogo, Markinch. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba waliokuwa wakitoka waligeuka kurudi waliposikia kelele za bao la kusawazisha, wakagongana na wenzao. Uchunguzi ulikataa maelezo hayo: umati wote ulikuwa ukielekea upande mmoja, chini. Hadithi ile iliwatwika mashabiki lawama isiyo yao. Ngazi ile ile ilikuwa imeua watu wawili mwaka 1961, na ajali nyingine zilifuata kabla ya ile kubwa. Onyo lilikuwepo. Mwaka 1974 mahakama iliikuta klabu na hatia ya uzembe.

Kutokana na vifo hivyo ilikuja ripoti ya Jaji Wheatley mwaka 1972, na baada yake sheria ya usalama wa viwanja ya 1975, iliyolazimisha viwanja vikubwa vya Uingereza kuwa na cheti cha usalama. Ndani ya Rangers, kiongozi wa klabu Willie Waddell alikwenda kutazama uwanja wa Dortmund, akarudi na azma ya kubomoa ngazi za Ibrox na kuweka viti. Kazi hiyo ilikamilika 1981, miaka minane kabla ya msiba wa uwanja wa Hillsborough, England, kuwalazimisha wengine kufanya vivyo hivyo. Mbele ya uwanja iko sanamu ya John Greig, nahodha wa siku ile, juu ya majina ya waliokufa. Yeyote anayekwenda Ibrox, hata akiwa shabiki wa upande wa pili, ayasome majina hayo kabla ya kuingia.

Upande wa pili wa jiji, mashariki, Celtic iliundwa Novemba 1887 katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Maria, mtaa wa Calton. Aliyeongoza alikuwa Bruda Walfrid, mtawa wa shirika la Wamarist kutoka Ireland, na lengo lilikuwa kupata fedha za kulisha watoto wa wahamiaji maskini wa Ireland. Uwanja wa sasa ulifunguliwa 1892, baada ya mwenye ardhi wa uwanja wa kwanza kupandisha kodi kupita kiasi. Mei 1967 timu ya Celtic ya vijana waliozaliwa Glasgow na maeneo ya karibu iliifunga Inter ya Italia 2-1 mjini Lisbon na kuwa ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Ulaya. Mwaka 1994 klabu ilibaki saa chache kufilisika. Mfanyabiashara Fergus McCann akaiokoa, akawauzia mashabiki hisa, na kufikia 1998 uwanja wa watu 60,000 ulikuwa umesimama.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, uwanja huu una kumbukumbu ya karibu zaidi. Tarehe 7 Novemba 2012, siku moja baada ya klabu kutimiza miaka 125, Victor Wanyama wa Kenya aliruka kuipokea kona dhidi ya Barcelona na kufunga kwa kichwa. Tony Watt akaongeza la pili, Lionel Messi akapata la kufutia machozi, na Celtic ikashinda 2-1.

Tofauti za dini na asili kati ya Celtic na Rangers zimeleta uadui ambao si wa kuupamba. Baada ya fainali yao ya Kombe la Scotland ya 1980, mashabiki walipopigana katikati ya Hampden, sheria ilipiga marufuku pombe viwanjani kote Scotland. Wengi wanaozishangilia timu hizo hawana nia mbaya, lakini nyimbo za chuki bado zinasikika, na klabu zote mbili zinapaswa kuzimaliza.

Asiyetaka kuingia katika ugomvi huo ana Partick Thistle. Klabu hiyo iliundwa 1876 na tangu 1909 inacheza Firhill, kando ya mfereji, kaskazini ya jiji. Oktoba 1971 iliifunga Celtic 4-1 katika fainali ya Kombe la Ligi, na mabao yote manne yaliingia kabla ya mapumziko. Hapo tiketi hupatikana bila shida, pai ya nyama ni ya moto, na jirani kitini atakuuliza umetoka wapi.

Nakusihi basi, msomaji utakayejaliwa kufika Glasgow, usianzie kwenye duka la jezi. Panda treni Glasgow Central, shuka Mount Florida, uione Hampden na makumbusho yake, kisha tembea hadi Cathkin na mahali palipokuwa Hampden ya kwanza. Ni mwendo mfupi, na Cathkin haina kiingilio.